Homoni na mmeng'enyo wa chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Likitajwa neno homoni, wengi hufikiria hedhi, ujauzito au kubalehe. Tumbo halimjii mtu akilini. Ndiyo maana tunawaona watu wanaomeza dawa za vidonda vya tumbo mwaka hadi mwaka bila nafuu, kumbe shida imekaa shingoni kwenye tezi ya thairoidi, au kwenye sukari ya damu, au ni mimba changa. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetaka kujua mwili wake hufanya nini baada ya kunawa mikono na kusogea mezani.

Homoni ni nini, na chakula kinaingiaje hapo?

Homoni ni kemikali inayotolewa na seli za sehemu moja ya mwili na kusafiri kwa damu ili ikafanye kazi sehemu nyingine. Hupita kila inakopita damu, lakini huitikiwa tu na seli zenye vipokezi vyake. Tezi zinazofahamika ni thairoidi iliyo mbele ya shingo, kongosho, adrenali zilizo juu ya figo, ovari, korodani na ile ndogo iliyo chini ya ubongo.

Kinachosahaulika ni kwamba ukuta wa tumbo na utumbo nao umejaa seli zinazotoa homoni. Hazikujikusanya zikawa tezi ambayo daktari anaweza kuipapasa. Zimetawanyika, moja hapa na nyingine pale, katikati ya seli za kawaida. Ukizijumlisha zote, njia ya chakula ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote katika mfumo wa homoni. Nyingi zina ncha inayochungulia ndani ya utumbo na kuonja kinachopita: asidi, mafuta, vipande vya protini, sukari. Zikishaonja, ndipo zinapotoa homoni inayofaa kwa chakula hicho.

Haya yaligunduliwaje?

Homoni ya kwanza kabisa kugunduliwa duniani ni ya utumbo. Tarehe 16 Januari 1902, katika chuo cha University College London, William Bayliss na Ernest Starling walikuwa wakichunguza kongosho la mbwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Wakati huo wataalamu, akiwemo Ivan Pavlov wa Urusi, waliamini kwamba kongosho hupokea amri kwa njia ya mishipa ya fahamu peke yake. Bayliss na Starling walikata mishipa yote ya fahamu inayokwenda kwenye kipande cha utumbo mwembamba, wakaacha mishipa ya damu tu, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Kongosho likaanza kutoa majimaji vilevile.

Starling akawaza kwamba lazima kuna kitu kimepita kwenye damu. Walikwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga pamoja na mchanga na asidi, wakachuja, kisha wakaudunga mchujo huo kwenye mshipa wa damu. Kongosho likaitikia tena. Kitu hicho wakakiita sekretini. Mwaka 1905 Starling ndiye aliyelitumia kwa mara ya kwanza neno homoni katika mihadhara yake, na mwaka huohuo John Edkins akaeleza gastrini ya tumboni. Pavlov, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo, alikubali matokeo hayo baada ya jaribio kurudiwa katika maabara yake. Kwa hiyo elimu nzima ya homoni, pamoja na insulini iliyokuja kuokoa wenye kisukari kuanzia 1922, ilianzia kwenye swali la chakula kinavyosagwa.

Nikila wali na maharage ya nazi, homoni zinafanya nini hatua kwa hatua?

Kazi huanza kabla ya tonge la kwanza. Harufu ya nazi na macho kuiona sahani huamsha mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo kwenda tumboni. Mate hujaa mdomoni, asidi huanza kutoka, na hata kongosho hutoa insulini kidogo kama kujiandaa.

Chakula kikifika tumboni, ukuta hutanuka. Protini ya maharage inapoanza kuvunjika, seli zilizo sehemu ya chini ya tumbo hutoa gastrini. Gastrini haidondoki kwenye chakula. Inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima, kisha inarudi kwenye tumbo lilelile, sehemu ya juu, na kuziamuru seli za huko ziongeze asidi. Kwa siku nzima tumbo la mtu mzima hutoa lita 2 hivi za majimaji yake. Asidi ikishazidi kiasi, homoni nyingine iitwayo somatostatini huizuia gastrini. Breki hii ni muhimu, na tutairudia tukifika kwenye vidonda.

Baada ya hapo chakula, ambacho sasa ni uji mchachu, huingia kidogo kidogo kwenye duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Uchachu huo ndio unaoamsha sekretini. Sekretini huliagiza kongosho limwage majimaji yenye bikaboneti ya kupoza asidi. Bila hatua hii mambo mawili yangeharibika kwa pamoja: utando wa duodeni ungeungua, na vimeng'enya vya kongosho, yaani kemikali za kusaga chakula, visingefanya kazi, maana vinahitaji mahali pasipo na asidi kali.

Mafuta ya nazi na protini nayo huamsha kolesistokinini, ambayo kwa maoni yangu ndiyo fundi mkuu wa shughuli yote. Huubana mfuko wa nyongo umwage nyongo iliyohifadhiwa humo, mililita 30 hadi 50 hivi, na hulegeza mlango mdogo ambao nyongo hupitia kuingia utumboni. Huliambia kongosho litoe vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Hulipunguza tumbo kasi ili lisimwage chakula haraka kuliko utumbo unavyoweza kukisaga. Mwisho, hupeleka habari kwenye ubongo kwamba shibe inakaribia. Homoni moja inashika kiungo hiki na kile, na zote hizo ni kazi za dakika zilezile.

Wali, ambao ni wanga, husagwa ukawa glukosi. Sukari hiyo inapofika kwenye ukuta wa utumbo, hutolewa homoni mbili, GIP na GLP-1, zinazolitangulizia kongosho habari kwamba sukari inakuja. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba glukosi inayonywewa hutoa insulini nyingi zaidi kuliko kiasi kilekile kinachodungwa kwenye mshipa, na sababu ni hizi mbili. Insulini ndiyo inayofungulia sukari iingie kwenye misuli na mafuta, na kulifanya ini liweke akiba. Chakula ambacho hakijasagwa kikifika mwisho wa utumbo mwembamba, homoni iitwayo PYY hutolewa kupunguza mwendo na hamu ya kula.

Kwa nini tumbo hunguruma nikiwa sijala?

Saa kadhaa baada ya mlo, tumbo na utumbo mwembamba huanza mawimbi yenye nguvu ya kusukuma mabaki, makombo na bakteria kuelekea utumbo mpana. Hurudia takriban kila baada ya dakika 90 hadi 120, na homoni iitwayo motilini ndiyo inayoyaanzisha tumboni. Ni kama mfagio wa jioni sokoni, wauzaji wakishafunga meza zao. Ukila chochote, hata andazi moja, mawimbi hukatika na mwili hurudi kwenye kazi ya kusaga. Anayetafuna kitu mchana kutwa huyanyima nafasi.

Jambo moja la kushangaza: dawa ya erithromaisini, antibayotiki ya kawaida, hujishikiza kwenye vipokezi vya motilini. Ndiyo maana huwaletea watu wengi msokoto wa tumbo. Na kwa sababu hiyohiyo madaktari huitumia wakati mwingine hospitalini kuliamsha tumbo lililolala.

Njaa na shibe hutoka wapi? Mbona nikichelewa kulala nakula sana kesho yake?

Njaa ina homoni yake, ghrelini, iliyotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Nyingi hutoka tumboni, hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula. Hupanda kwa kufuata mazoea: aliyezoea kula saa saba mchana husikia njaa saa saba hata kama alikunywa chai nzito. Shibe ya muda mrefu inahusiana na leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo hutolewa na mafuta ya mwilini na kuueleza ubongo hali ya akiba. Wengi wenye unene uliozidi wana leptini nyingi, lakini ubongo umeacha kuisikiliza. Kwa hiyo kumwambia mtu mnene kwamba ni mlafi tu, hana nia, ni kumwonea.

Usingizi mfupi huongeza ghrelini na kupunguza leptini. Ndiyo sababu mlinzi wa usiku au mama mwenye mtoto mchanga hutamani vitu vitamu na vya mafuta mchana.

Wakati wa Ramadhani homoni hizi zinakuwaje?

Siku za mwanzo njaa huja saa zilezile za chakula cha mchana, kwa kuwa mwili bado unafuata ratiba ya zamani. Kadiri siku zinavyopita, wengi huona njaa ya mchana inapungua. Mwili uliofunga hutumia glukagoni, homoni nyingine ya kongosho, kulifanya ini litoe akiba ya sukari, kisha huanza kuchoma mafuta.

Tatizo kubwa ninaloliona liko kwenye futari. Homoni za shibe zinahitaji muda. Dakika 15 hadi 20 hupita kabla hujazisikia sawasawa, na PYY huendelea kupanda kwa saa moja au zaidi. Mtu akianza na tende na maji, akanywa uji, akaenda kuswali Magharibi ndipo arudi mezani, anazipa homoni hizo nafasi. Akivamia kwa pamoja sambusa, kaimati, viazi vya kukaanga na mihogo ya nazi, kolesistokinini itapanda kwa nguvu kwa sababu ya mafuta, tumbo litapunguza mwendo, na atakwenda Tarawehe akiwa amevimbiwa. Desturi ya wazee wa pwani ya kufungua kwa kitu chepesi inaenda sawa kabisa na mwili unavyofanya kazi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dozi hubadilishwa, na wengine hushauriwa wasifunge kabisa. Sukari ikishuka sana mchana inaweza kuua.

Naambiwa nina vidonda vya tumbo. Je, ni homoni?

Chanzo kikuu cha vidonda ni bakteria Helicobacter pylori, na cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Robin Warren na Barry Marshall wa Australia waliopambana kuthibitisha habari ya bakteria huyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mawazo na pilipili huongeza maumivu, lakini si chanzo chenyewe.

Homoni zinaingia hivi: bakteria huyo akikaa sehemu ya chini ya tumbo hupunguza somatostatini, ile breki niliyoitaja. Gastrini inabaki bila kizuizi, asidi huongezeka, na duodeni hupata kidonda. Ukimuua bakteria kwa dawa kamili za siku zote ulizoandikiwa, breki hurudi. Kwa hiyo anayetumia dawa za kupunguza asidi peke yake, bila kupimwa bakteria, anatuliza moto huku kuni zikiendelea kuingizwa. Kipimo cha choo au cha pumzi kinatosha kwa wengi. Mwambie daktari kama umetumia omeprazoli, mojawapo ya dawa hizo za kupunguza asidi, katika wiki mbili zilizopita, maana inaweza kuficha bakteria.

Upo pia uvimbe adimu unaotoa gastrini bila mpaka, unaoitwa ugonjwa wa Zollinger-Ellison tangu ulipoelezwa mwaka 1955. Daktari huufikiria vidonda vinapojirudia, vikiwa vingi, pamoja na kuhara.

Nikiacha omeprazoli kiungulia kinarudi kikali kuliko mwanzo. Maana yake ni kwamba siwezi kuishi bila dawa?

Si lazima. Dawa ikizima asidi kwa miezi, tumbo huongeza gastrini likijaribu kufidia. Ukiacha ghafla, gastrini ile bado ipo na asidi hufurika kwa muda wa wiki chache. Wengi hudhani ugonjwa umerudi na kuanza dawa upya. Mwombe daktari akupunguzie taratibu. Wapo pia wanaohitaji kuendelea nayo, kwa mfano waliowahi kutoka damu tumboni, na hao wasiache kwa kusoma ukurasa kama huu.

Mbona nikila vya mafuta napata maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu?

Huenda una mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mafuta huamsha kolesistokinini, mfuko unabanwa, na jiwe linaziba njia. Maumivu huja dakika kadhaa au saa chache baada ya mlo, hukaa, na yanaweza kupanda hadi kwenye bega la kulia au kati ya mabega. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, kwa sababu estrojeni, homoni ya kike, huongeza kolesteroli kwenye nyongo, na projesteroni ya ujauzito huulegeza mfuko usijikamue vizuri. Kupungua uzito kwa kasi nako huleta mawe.

Watu wenye selimundu hupata mawe ya aina nyingine, ya rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zinazovunjika kila siku, na huweza kuyapata wakiwa bado watoto. Kwa nchi zetu, ambako selimundu ni ya kawaida, maumivu ya tumbo ya mtoto huyo yasichukuliwe moja kwa moja kuwa ni "maumivu yake yaleyale". Kipimo cha ultrasaundi kinajibu swali bila kukata wala kudunga.

Tezi ya thairoidi inahusikaje na choo?

Homoni za thairoidi huweka kasi ya kazi karibu zote za mwili, utumbo ukiwemo. Zikipungua, utumbo hupoa: choo kigumu, tumbo kujaa, uzito kuongezeka, baridi, uchovu, ngozi kavu. Zikizidi, mtu huenda choo mara nyingi, hukonda ingawa anakula vizuri, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka na joto humsumbua. Nimeona watu wenye dalili hizi za pili wakipewa dawa za minyoo mara tatu mfululizo. Kipimo cha damu kiitwacho TSH kingetosha kufungua njia.

Tezi inahitaji madini joto, na hii ndiyo sababu ya kuyatia kwenye chumvi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki mwa Congo, watafiti walionyesha kwamba upungufu wa madini joto ukikutana na mihogo isiyoandaliwa vizuri huzidisha rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni. Mabaki ya sianidi ya mihogo hugeuka mwilini kuwa kemikali inayozuia tezi kuchukua madini hayo. Kuloweka, kuvundika na kukausha mihogo michungu kama walivyofanya bibi zetu huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Chumvi ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, vinginevyo madini hupungua.

Na kisukari?

Kisukari cha miaka mingi kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya tumbo. Chakula hukaa tumboni saa nyingi. Mtu hushiba kwa matonge machache, hupata kichefuchefu, hutapika chakula alichokula jana. Hatari yake haiko kwenye kutapika tu. Aliyejidunga insulini kabla ya kula anaweza kushukwa na sukari kwa kuwa chakula hakijafika utumboni, kisha sukari ikapanda baadaye dawa ikiwa imekwisha nguvu. Ukiona sukari yako haifuati mpangilio wowote ingawa unafuata masharti, mweleze daktari kuhusu tumbo lako.

Wanaoanza metformini, vidonge vya kisukari, mara nyingi huharisha. Kuitumia pamoja na chakula na kuanza na dozi ndogo husaidia wengi. Usiitupe bila kuuliza.

Sindano za kupunguza uzito kama Ozempic zinafanyaje kazi?

Zinaiga GLP-1, ile homoni inayotolewa sukari ikifika utumboni. GLP-1 ya asili huvunjwa ndani ya dakika mbili hivi. Wazo la kupata inayodumu lilitokana na mate ya mjusi mwenye sumu wa Marekani, ambamo John Eng alikuta kemikali inayofanana nayo lakini isiyovunjika upesi. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Semaglutaidi, iliyomo kwenye Ozempic, hudungwa mara moja tu kwa wiki.

Hupunguza sukari, huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na hupunguza hamu ya kula kwenye ubongo. Kichefuchefu, kutapika na choo kigumu vinatokana na kazi hiyohiyo. Mawe ya nyongo na kongosho kuvimba kwa ghafla vinaweza kutokea. Anayetarajiwa kufanyiwa upasuaji amwambie mtaalamu wa dawa ya usingizi, kwa kuwa tumbo linaweza kuwa na chakula hata baada ya kufunga usiku kucha.

Ninachokiogopa zaidi ni sindano zinazouzwa mitandaoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa. Sindano isiyo na cheti cha daktari, iliyosafirishwa kwa bodaboda bila barafu, usiidunge.

Wapo wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Deksamethasoni na prednisoloni ni ndugu wa kotisoli, homoni ya tezi za adrenali. Huongeza hamu ya kula na kuujaza uso, na hapo ndipo wauzaji wa vidonge vya kunenepa wanapopata wateja. Lakini mwili ukizipata kutoka nje kwa wiki nyingi, adrenali huacha kutengeneza kotisoli yake. Mtu akiacha ghafla, au akiugua malaria wakati huo, hupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuishiwa nguvu na presha kushuka, na anaweza kufa. Sukari hupanda, mifupa hulegea, na zikichanganywa na dawa za maumivu vidonda vya tumbo huja. Kama tayari unazitumia, usiache leo. Nenda hospitali useme ukweli, wakupunguzie kwa utaratibu.

Adrenali zinaweza pia kuharibiwa na ugonjwa, kikiwemo kifua kikuu. Kutapika kwa muda mrefu, kukonda, kutamani chumvi na ngozi au fizi kuwa nyeusi kuliko kawaida ni dalili za kuchunguzwa haraka.

Kwa nini mjamzito hutapika, kisha hupata kiungulia na choo kigumu?

Kutapika kwa miezi ya mwanzo kunahusishwa na homoni iitwayo GDF15 inayotoka kwenye kondo la nyuma. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wanawake waliokuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba huathirika zaidi. Si deko, na si dalili kwamba mama hampendi mume wake, kama inavyosemwa. Anayetapika mpaka hashiki hata maji apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Baadaye projesteroni hulegeza misuli laini, pamoja na mlango wa juu wa tumbo. Asidi hupanda, na utumbo mpana hujivuta. Kula kidogo mara nyingi, kutolala mara baada ya kula, maji na mboga vinasaidia. Wanaokula udongo au pemba kutuliza kichefuchefu wapimwe damu, maana tamaa hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo.

Hofu ya mtihani hunikimbiza chooni. Ni homoni?

Ndiyo, pamoja na mishipa ya fahamu. Homoni za hofu zinazoanzia kwenye ubongo hupunguza mwendo wa tumbo na kuongeza mwendo wa utumbo mpana. Hivyo chakula kinagoma juu huku chini kunaharakishwa.

Kuna chakula au dawa ya mitishamba ya "kusawazisha homoni za tumbo"?

Anayekuuzia chupa ya kusawazisha homoni bila kujua ni homoni ipi, anakuuzia chupa tu. Kinachojulikana ni cha kawaida na hakina bei kubwa. Nyuzinyuzi za maharage, ugali wa dona, mboga za majani na matunda huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, na mazao yake huamsha GLP-1 na PYY. Protini hushibisha kuliko wanga mtupu. Kutafuna bila haraka, kulala vya kutosha na kutembea baada ya kula husaidia tumbo na sukari kwa pamoja. Jua nalo lina sehemu yake: vitamini D inayotengenezwa kwenye ngozi hubadilishwa kwenye ini na figo ikawa homoni, na bila homoni hiyo utumbo hufyonza kalsiamu kidogo sana.

Niende hospitali lini, na niseme nini?

Nenda bila kusubiri ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kutapika damu, macho ya manjano, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu, maumivu makali ya juu ya tumbo yanayotoboa hadi mgongoni, au kutapika kusikokoma. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara vinahitaji kipimo cha sukari siku hiyohiyo.

Kwa matatizo ya muda mrefu, mweleze daktari maumivu yanakuja saa ngapi baada ya kula, chakula gani huyaamsha, choo kikoje, na uzito umebadilikaje. Mara nyingi sukari, TSH, kalsiamu, kipimo cha bakteria na ultrasaundi vinatosha kuanzia. Kupima ghrelini au leptini hakutakusaidia lolote. Beba dawa zote unazotumia kwenye mfuko mmoja, na za kienyeji pia, uziweke mezani.